Usimfungishe Muuzaji, Mpeleke Tripaix

Mtu wa Bunia akinunua betri ya sola, ikafa kabla ya mwezi kwisha, na mwenye magazini akakataa kuipokea, atapewa mashauri ya aina mbili. Wengine watamwambia aachane nayo: tribinali ni ya wenye makuta, bila avoka huwezi kufungua mdomo mbele ya hakimu, na gharama za kesi zitapita bei ya betri yenyewe. Wengine watamuuliza anamfahamu nani polisi au parke, kwa sababu muuzaji akilala kasho usiku mmoja atalipa asubuhi.

Mashauri haya hayatoki kwa watu wabaya. Yanatoka kwa wajomba, kwa wazee wa avenue, kwa walimu, kwa watu waliokwisha kuumia na wasiotaka wewe uumie. Ndiyo maana yamekita, na ndiyo maana nataka kuyapinga yote mawili kwa pamoja, maana ni ndugu wa tumbo moja. Anayekwambia uache na anayekwambia umfungishe mtu wote wanaamini kwamba sheria ya madai si mali ya mtu wa kawaida. Mimi nasema ni yake. Na nasema zaidi: katika dai dogo la mnunuzi dhidi ya muuzaji, mtu anayefaa kulisema ni mnunuzi mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya hakimu wa Tribunal de paix, ile ambayo mjini tunaiita Tripaix.

Tuanze na maandishi, kwa kuwa wanaosema haiwezekani mara nyingi hawajayasoma. Sheria namba 13/011-B ya tarehe 11 Aprili 2013, inayopanga tribinali za nchi, imeiweka Tribunal de paix kwenye ngazi ya chini kabisa, karibu na raia. Kifungu chake cha 110 kinaipa kesi za familia, za urithi, za ardhi inayofuata mila, na baada ya hizo madai mengine yoyote yanayoweza kuhesabiwa thamani, mradi yasizidi faranga 2,500,000. Betri imo humo. Simu imo, na kitanda kilicholipiwa kwa seremala kisiletwe, na mashine ya kusaga iliyouzwa kama mpya kumbe imefunguliwa na kufungwa tena. Kesi za jinai wanazikalia mahakimu watatu. Dai la betri yako analikalia mmoja.

Halafu kuna Kodi ya mwenendo wa kesi za madai ya tarehe 7 Machi 1960, iliyotiwa saini miezi isiyotimia minne kabla ya uhuru na ambayo bado ndiyo inayoongoza vikao vyetu. Kifungu chake cha kwanza kabisa kinasema kwamba anayetaka kumwita mwenzake tribinali anampa karani, yule tunayemwita grefye, habari zote zinazohitajika ili mwito uandikwe. Akiwa hajui kusoma na kuandika, anasema kwa mdomo, na karani anaandika. Someni tena kifungu hicho, enyi mnaosema tribinali ni ya maavoka. Hakuna avoka asiyejua kuandika. Kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya mama anayeuza samaki wa Kasenyi kwenye soko kuu, kwa ajili ya kijana wa taxi-moto aliyeacha shule darasa la nne, kwa ajili ya mzee wa Mudzipela anayejua Kiswahili na lugha ya nyumbani kwake, basi. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kumpa Mkongomani haki yoyote, lakini hata sheria yake ilikubali kwamba mtu asiyejua herufi moja anaweza kuanzisha kesi. Leo tuna vyuo, tuna redio, tuna simu mikononi, nasi tunaambiana kwamba haiwezekani!

Kodi hiyohiyo inasema siku ya kikao wenye kesi wanafika wao wenyewe au kupitia maavoka wao. Wao wenyewe wametajwa kwanza. Na Katiba ya 2006, katika kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe hata katika kesi ya jinai, pale ambapo anaweza kupoteza uhuru wake. Kama Katiba inamwamini raia ajitetee asifungwe, atashindwaje kuaminiwa kudai bei ya betri?

Hapo watanijibu kwamba muuzaji atakuja na avoka, nami nitakuwa nimesimama pale na Kifaransa changu cha kuokoteza. Hoja hii naiheshimu kwa sababu hofu iliyomo ndani yake ni ya kweli. Lakini itazameni kazi ya kila mmoja katika kikao. Sheria anaijua hakimu. Ndiyo kazi yake, na haimhitaji mnunuzi kuja kumfundisha. Asichokijua hakimu ni yaliyotokea: nani aliuza, lini, kwa bei gani, alisema nini juu ya kitu chake, kitu kikafanya nini kilipofika nyumbani, na mnunuzi aliporudi aliambiwa nini. Hayo yote mwenye kuyajua ni wewe. Avoka utakayemwajiri atayapata kutoka kwako, na atayasema kwa mkono wa pili. Muuzaji naye akija na avoka, avoka yule hakuwepo dukani siku ile. Hakimu akimuuliza kama betri ilijaribiwa mbele ya mnunuzi kabla ya kulipwa, itabidi aombe muda wa kumuuliza mteja wake. Wewe utajibu palepale, na kwa Kiswahili unaweza kujibu, kwa kuwa hakimu na karani wanaofanya kazi Bunia wanakisikia kila siku ya kazi yao.

Siwapingi maavoka. Kesi ya ardhi, ya urithi wenye wake wawili na nyumba tatu, ya mtoto aliyekamatwa, hiyo mtafute avoka hata kwa kukopa, na kama huna kabisa uliza ofisi ya mashauri ya bure ambayo sheria ya 28 Septemba 1979 inawataka maavoka waiweke katika kila baraza lao. Ninachokataa ni desturi ya kuchukua ugumu wa kesi hizo na kuumwaga juu ya kesi ya friji.

Majirani zetu walikwisha kulijibu swali hili. Wafanyabiashara wa Bunia wanaokwenda Arua na Kampala kuleta mali wanapita katika nchi ambayo tangu kanuni za 2011 ina utaratibu wa madai madogo, hadi shilingi 10,000,000 za Uganda, ambamo mawakili hawaruhusiwi kusimama kwa niaba ya mtu: mwenye dai anaongea mwenyewe na mdaiwa anajibu mwenyewe. Tanzania, katika Mahakama za Mwanzo, mawakili walizuiwa kwa miongo mingi, mpaka sheria ilipolegezwa mwaka 2021, na kesi zikaendeshwa kwa Kiswahili na wakulima na wachuuzi wenyewe. Kenya ilitunga sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, ikafungua milango Nairobi mwaka 2021, kiwango shilingi 1,000,000 za huko, na hukumu inatakiwa ndani ya siku 60. Siwaoni watu wa Arua au wa Mwanza kuwa na akili kutuzidi. Wanachotuzidi ni kwamba serikali zao ziliwaambia waziwazi: njooni wenyewe. Sisi kifungu tunacho tangu 1960 na hakuna aliyekibandika ukutani.

Sasa nije kwenye shauri la pili, lile la polisi, ambalo kwangu ndilo lenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu linaonekana kufaulu.

Deni si jinai. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kila ofisa wa polisi aliyepita shule anajua. Kwa hiyo ili muuzaji wa betri aingie kasho, dai lako linabadilishwa sura: linaandikwa escroquerie, yaani utapeli, au abus de confiance, yaani kuvunja uaminifu, na wewe, uliyekuja kudai makuta yako, unatia saini maneno ambayo huenda si ya kweli. Katiba inawapa saa 48 za kumshika mtu kabla ya kumwachilia au kumfikisha mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Katika saa hizo 48 yanaanza mazungumzo, na kila anayeishi mji huu anajua mazungumzo hayo yanahusu nini. Ikitozwa faini, faini ni ya serikali. Yakitolewa makuta ya kumtoa mtu, hayo hayaji mfukoni mwako. Mwishoni muuzaji amelipa sana na wewe umepata kidogo au hukupata kitu, na betri mbovu bado iko nyumbani kwako.

Lakini hata akikulipa yote asubuhi, bado napinga. Njia ya polisi ni mashindano ya kujuana. Leo wewe unamjua ajuda, umeshinda. Kesho utanunua kwa mtu anayemjua kanali, naye hatasubiri umshitaki. Atakutangulia, na atakayelala kasho ni wewe mnunuzi, kwa kosa la kumharibia jina. Mama wa samaki hamjui ajuda wala kanali. Kila mara tunapotumia njia hii tunaijenga kwa ajili ya wenye nguvu, kisha tunashangaa kwamba wenye nguvu wanaipita wakitukanyaga.

Na tusiende mbali kutafuta mfano wa jambo lililotuchanganya kati ya jinai na deni. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri imekuwa chini ya hali ya kuzingirwa, na kesi za jinai zikahamishiwa kwa tribinali za kijeshi. Watu wengi waliona magari ya jeshi na magavana wenye nyota mabegani, wakahitimisha kwamba sasa haki yote iko kambini, hata ya mtu aliyekopa mahindi. Sivyo. Kilichohamishwa ni jinai. Madai ya mtu na mtu yalibaki kwa mahakimu wa kiraia. Aliyepeleka deni la simu kwa auditeur, mwendesha mashtaka wa jeshi, alilipeleka mahali ambapo sheria haikulituma, na kama alisikilizwa huko, alisikilizwa kwa hofu ya mwenzake.

Hofu katika mkoa huu ina jambo lingine ndani yake ambalo sisi sote tunalijua. Muuzaji ana kabila, mnunuzi ana kabila, na askari anayekuja kumkamata mtu sokoni ana kabila. Mtu akiburutwa mbele ya magazini yake, wanaotazama hawaoni betri. Wanaona wa kwetu amechukuliwa na wa kwao. Mwito wa tribinali unaandika majina mawili, makao mawili na kiasi kinachodaiwa. Wisye, mjumbe wa tribinali, anaufikisha mkononi, mtu anabaki dukani kwake akiendelea kuuza, na tangu kupokea mwito mpaka siku ya kikao sheria inampa siku 8 kamili za kufikiri. Katika siku hizo anaweza kukupigia simu. Muuzaji akilipa kwa namna hiyo hakudhalilishwa, na wiki ijayo mnaweza kusalimiana.

Kama ni udanganyifu wa kweli, mtu aliyekuuzia boksi lenye jiwe ndani, hapo nenda parke bila kusita. Hiyo ni jinai, na hapo jina la escroquerie ni lake. Wala sidharau chefu wa nyumba kumi na wazee. Anzeni kwao. Ila wakiwapatanisha, mapatano yaandikwe, kiasi kitajwe, tarehe itajwe, watu watie saini. Muuzaji akikiri kwa saini kwamba atarudisha dola 150 mwisho wa mwezi na asirudishe, sheria ya OHADA, ile ya pamoja ya biashara ya nchi kadhaa za Afrika, ambayo inatufunga tangu 2012 na ambayo sehemu yake ya kulipisha madeni iliandikwa upya hapa nchini, Kinshasa, Oktoba 2023, ina njia fupi ya kuomba hakimu atoe amri ya kulipa. Barza ya wazee inayomalizika kwa kushikana mikono bila karatasi inampa mwenye kuchelewesha nafasi nyingine ya kuchelewesha.

Kuna hoja moja ambayo ni nzito kuliko zote, na wanaoibeba hawaisemi kwa sauti. Ituri ina sababu ya kuogopa karatasi. Vita vilivyoanza Djugu mwaka 1999 vilikuwa na mizizi mingi, na mmoja wa mizizi hiyo ulikuwa hati za ardhi. Chini ya sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, hati ya mtu ikishapita miaka 2 bila kupingwa inakuwa ngumu kama chuma. Baadhi ya wenye uwezo walijipatia hati juu ya ardhi ambayo tayari ilikuwa na wakaaji, wakanyamaza mpaka muda upite, kisha wakatokea na karatasi zao kuwaondoa watu. Ugomvi wa mipaka ya konsesyo katika Walendu Pitsi ulikuwa miongoni mwa cheche za kwanza. Mzee aliyeyaona hayo, ukimtajia tribinali, anasikia habari ya kufukuzwa, na sina haki ya kumwambia kwamba anakosea kukumbuka.

Lakini namwomba tutazame pamoja ni nini hasa kilichompokonya. Ile miaka 2 ilipita wakati watu waliokuwa wakilima ardhi ile hawajui kwamba kuna ofisi ambamo jina lao linapaswa kuulizwa, hawajui kwamba kuna muda unaohesabiwa, hawajui kwamba karatasi inaweza kupingwa na mtu wa kawaida kabla haijakomaa. Sheria ilitumiwa na waliofika dhidi ya wasiofika. Sasa tunapomfundisha kijana wa leo kwamba tribinali si mahali pake, tunamrudisha katika ujinga uleule. Kesi ya betri ni ndogo, na hapo ndipo faida yake ilipo. Aliyewahi kuifungua anajua mlango wa grefye uko wapi. Anajua kuomba nakala na kuitunza. Anajua kwamba muda ukipita haki inapita, maana hata kitu kibovu sheria inataka kilalamikiwe mapema. Mtu huyo, siku moja akiletewa karatasi ya shamba, hatakutwa amelala. Nikiambiwa kwamba watu maskini hawana nafasi ya kujifunza sheria, najibu kwamba shule ya bei ndogo kuliko zote ni kesi ambayo ukishindwa umepoteza betri tu.

Tumezoea pia kufikiri kwamba haki kwa ajili ya Bunia inatoka mbali. Katika wakubwa wa makundi ya silaha ya vita vyetu, Thomas Lubanga alitiwa hatiani The Hague tarehe 14 Machi 2012, Germain Katanga tarehe 7 Machi 2014, Bosco Ntaganda tarehe 8 Julai 2019, na mjini hapa wako vijana wanaoweza kukueleza tofauti ya kesi hizo tatu bila kutazama popote. Ni vizuri. Waulize vijana haohao kiwango cha Tripaix ni faranga ngapi.

Hoja ya ushahidi ni rahisi kuijibu, ingawa ndiyo inayowakatisha watu tamaa mapema. Wanasema sokoni hatupewi fakitire. Ni kweli mara nyingi, na tuanze kuidai. Lakini sheria ya OHADA ya biashara inasema katika kifungu cha 5 kwamba dhidi ya mfanyabiashara, shughuli za biashara zinathibitishwa kwa njia yoyote, hata ya kielektroniki. Ujumbe wa Airtel Money au M-Pesa uliomtumia muuzaji ni ushahidi. Sauti yake kwenye WhatsApp akikwambia ulete betri aitazame ni ushahidi. Boksi lenye namba, fundi aliyeipima betri na yuko tayari kuja kusema alichokiona, jirani mliyekwenda naye kununua: vyote hivyo vinaingia. Kabla ya kwenda tribinali mwandikie muuzaji barua fupi ya kudai, mpelekee mwenyewe, atie saini kwenye nakala yako. Akikataa kutia saini, mpelekee mbele ya shahidi.

Na lile tangazo lililochapwa chini ya fakitire na kubandikwa juu ya kaunta, kwamba mali iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi? Wanunuzi wengi wakiliona wanarudi nyumbani kimya, kana kwamba limetungwa na bunge. Limetungwa na muuzaji. Linaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo, aliyenunua viatu vyekundu akatamani vyeusi. Lakini sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ndiyo Kitabu cha tatu cha kodi yetu ya kiraia, inamfanya muuzaji ajibu juu ya kasoro iliyofichika, hata kama yeye mwenyewe hakuijua. Anaweza kujiondolea dhamana hiyo kwa makubaliano kama kweli hakuijua kasoro. Aliyeijua, tangazo lake halimfichi, na juu ya kurudisha bei anaweza kulipishwa na hasara uliyoipata. Mnunuzi ana hiari: arudishe kitu na kuchukua bei yake, au abaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Mtu anayeijua sentensi hiyo moja, akiisema kwa upole pale kaunta, mara nyingi hatahitaji kusema nyingine mbele ya hakimu.

Gharama zipo. Siwezi kusema kesi ni bure, kwa kuwa kuna makuta ya kuweka grefye kabla kesi haijaandikwa, na baada ya hukumu kuna ada ya serikali juu ya kiasi ulichopewa. Lakini makuta ya serikali yana karatasi yake, noti ya DGRAD, ofisi ya mapato ya serikali, na risiti ya malipo. Anayekudai makuta na hana karatasi anadai yake, na hapo una haki ya kuuliza jina la ada na mahali ilipoandikwa. Asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba hakimu amtambue kuwa hana, na gharama zikabebwa na hazina ya serikali. Ofisi ya mambo ya jamii ya komini inatoa cheti cha kuonyesha hali yake. Wanaosema rushwa imejaa nawajibu kwamba najua, na kwamba imejaa zaidi mahali ambapo hakuna kinachoandikwa. Kesi ya madai ina namba, ina tarehe, ina kitabu cha kikao. Usiku wa kasho hauna hata kimoja.

Lawama yangu kwa serikali iko kwenye kiwango. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa karibu faranga 920, kwa hiyo faranga 2,500,000 zilikuwa zaidi ya dola 2,700. Mwaka 2024 dola ilikuwa imepita faranga 2,700, na kiwango kilekile kikashuka chini ya dola 1,000. Hakuna mbunge aliyepiga kura kuipunguzia Tripaix nguvu zake. Bei ya dola imefanya hivyo yenyewe, mwaka hadi mwaka. Pikipiki mpya, ambayo kwa kijana wa hapa ni duka, ni shamba, ni mahari, inaweza kumtoa Tripaix na kumpeleka Tribunal de grande instance. Huko pia anaweza kusema mwenyewe, Kodi ya mwenendo wa kesi ni ileile, lakini ngazi imeongezeka na uvumilivu unapungua. Wabunge wa Ituri wanaopenda kutuletea hotuba za amani walete pendekezo la kupandisha namba hiyo. Na mkubwa wa tribinali, ambaye hahitaji kura ya mtu yeyote, abandike mlangoni orodha ya ada na kile kifungu cha kwanza cha mwaka 1960, kwa Kiswahili.

Imebaki hoja ya mwisho, nayo wanaitoa wakiwa na uhakika kwamba imenimaliza: utashinda, halafu? Hukumu utaila? Ingekuwa ni dai dhidi ya mtu asiye na kitu, ningenyamaza. Lakini tunazungumza juu ya muuzaji. Mwenye magazini kwenye Boulevard de la Libération ana mlango unaojulikana, ana betri nyingine hamsini rafuni, ana friji, ana akaunti benki au makuta kwenye simu. Katika wadaiwa wote wa mji huu, ndiye anayeshikika kwa urahisi zaidi. Hukumu ikishakuwa na muhuri wa utekelezaji, wisye anamfikishia amri ya kulipa. Muda wa amri ukipita, wisye anarudi kuandika orodha ya mali zilizo dukani, mbele ya wateja, na mali hizo zinaweza kuuzwa ili ulipwe. Muuzaji anajua kuhesabu. Bei ya betri moja na aibu ya orodha ile havilingani, na ndiyo maana dai la namna hii lina nafasi nzuri ya kulipwa kabla wisye hajafungua kalamu yake.

Kwa hiyo kusanya ujumbe wako wa malipo, boksi na jina la fundi, uende kwa grefye useme yaliyotokea, bila kuongeza na bila kutukana. Tarehe ya kikao ukipewa, iandike, na uwahi. Muuzaji asipofika, hakimu anaweza kukusikiliza peke yako na kukupa unachodai kama ameona ni haki na kimethibitishwa. Usipofika wewe, muuzaji ana haki ya kuomba aachiliwe siku hiyohiyo, bila mtu yeyote kutazama betri yako.